Spika Inaunguruma, Lakini Ugonjwa Uko Wapi?

Julai, mahindi yakishauzwa, Songea husikika kuliko miezi mingine. Sabufa mpya hutolewa kwenye maboksi Lizaboni, Bombambili, Msamala na Mshangano, na jioni kila mtaa una kwaya yake na bongofleva yake. Ikifika Januari, mvua imeshika, vyombo vilevile utaviona juu ya bodaboda vimefungwa kwa mpira, vinapelekwa mjini kwa fundi. Ukimwuliza aliyevipakata, atakujibu kwa maneno mawili: "Spika imekufa."

Nimekaa sana kwenye vibanda vya mafundi redio, kwanza nikiwa mteja, baadaye kwa kupenda tu kujua, na kauli hiyo inaniuma kwa sababu mara nyingi si kweli. Spika hutoa nje kila inacholetewa. Ikiletewa umeme mchafu itauimba, ikiletewa waya uliokatika nusu itaukwaruza. Kwa kuwa kelele inatokea kwenye spika, lawama inatua hapohapo. Spika inang'olewa, mpya inafungwa, na usiku uleule mvumo unarudi kama ulivyokuwa. Mtu aliyelima kwa jembe msimu mzima ili anunue chombo kile anastahili kuambiwa ugonjwa uko wapi kabla hajatoa pesa mara ya pili.

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni kelele gani. Ni swali zuri, ila lina zamu yake. Linalotangulia ni: inalia lini? Inalia hata muziki ukiwa umenyamaza, au muziki ukipiga tu? Ukizungusha kitufe cha sauti inabadilika, au inakaa palepale? Maswali hayo hayahitaji mita wala bisibisi. Anayeyajibu vizuri ameshafanya nusu ya kazi ya fundi akiwa amekaa kwenye kochi lake.

Chombo chenyewe hakina siri nyingi. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha maelezo ya spika yenye koili ya waya mwembamba iliyogundishwa kwenye koni, ikining'inia ndani ya mwanya wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, koni inakwenda nayo, hewa inatikisika, sisi tunasikia. Miaka 100 imepita, na spika ya sabufa iliyopo dukani Songea leo ina viungo vilevile: sumaku, koili, koni, mpira wa pembeni unaoishika koni, na nyuzi mbili za shaba zilizosukwa zinazopeleka umeme kwenye koili. Vinavyoweza kuharibika hapo vinahesabika kwa vidole. Vinavyoweza kuharibika kabla umeme haujafika hapo ni vingi mno.

Basi washa chombo, usiweke wimbo wowote, nyamaza usikilize. Ukisikia mvumo, shusha sauti hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, unazaliwa baada ya kitufe, yaani ndani ya amplifaya au kwenye sehemu inayoilisha umeme. Ukififia na kupotea, unazaliwa kabla yake, na hapo wa kushukiwa ni waya, simu, king'amuzi au bodi ya kusoma flashi.

Tuanze na ule usiosikia kitufe. Umeme wetu wa ukutani ni volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Ndani ya sabufa transfoma inaushusha, diodi nne zinaukunja uelekee upande mmoja, na mawimbi yanayobaki, ambayo sasa ni 100 kwa sekunde, yanalainishwa na kapasita kubwa moja au mbili. Kapasita ikichoka, mawimbi yanapenya hadi kwenye koni. Mvumo wa 100 uko jirani kabisa na noti ya G yenye mitetemo 98, na wa 50 uko oktavo moja chini yake. Mwalimu wa kwaya mwenye sikio anaweza kumwambia fundi ni upi kati ya hiyo miwili, na hiyo ni habari yenye thamani: 100 unaelekeza kwenye kapasita, 50 unaelekeza kwenye diodi iliyokufa au kwenye waya unaookota umeme kutoka nje.

Kapasita hizi zina kimiminika ndani, na adui wake ni joto. Kanuni ya wahandisi ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Sasa fikiria sebule zetu. Sabufa imesukumwa ndani ya kabati hadi mgongo unagusa ubao, na juu yake pametandazwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kizuri, kimeziba matundu yote ya kupumulia. Sisemi kitambaa kiondolewe nyumbani. Kihamishiwe kwenye meza. Kifuniko kikifunguliwa, kapasita iliyokufa mara nyingi hujionyesha yenyewe. Kichwa chake, kinachotakiwa kuwa bapa, kimevimba kama mkate, au chini yake pana maji ya kahawia yaliyokauka. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa, na kifaa chenyewe ni cha bei ndogo kuliko spika yoyote.

Kabla ya kufungua kifuniko lakini, uliza umeme wenyewe ukoje. Mji huu uliwashwa kwa miaka mingi na mashine za dizeli, hadi laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika na kuzinduliwa mwaka 2019. Hata hivyo nyumba iliyo mwisho wa waya mrefu, yenye majirani wanaopika na kupasi saa moja jioni, inaweza kupata volti pungufu. Zikipungua sana, sehemu inayotuliza umeme ndani ya sabufa inashindwa kazi na chombo kizima kinavuma. Kikitulia saa tano usiku, usikipeleke popote. Wanaotumia sola vijijini wana shida ya aina nyingine. Inveta ya bei nafuu haitoi wimbi laini kama la gridi. Inatoa ngazi zenye kingo kali, na kingo hizo husikika kwenye spika kama nyuki ndani ya debe. Sabufa nyingi za siku hizi zina tundu la volti 12 nyuma. Ukiilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri badala ya kupitia inveta, nyuki wanaondoka.

Sasa ule mvumo unaofuata kitufe, ambao naujua kwa sababu ulinitesa mimi mwenyewe. Sabufa ya nyumbani kwetu ilianza kuvuma mwanzoni mwa mvua. Fundi mmoja akabadilisha kapasita. Ikavuma. Akabadilisha tena, akaongeza aisii, yaani chipu, ya amplifaya, nikalipa, ikavuma. Nilikuwa nimeshakata shauri la kuiuza vipuri mke wangu aliponiuliza: "Baba Neema, jana radi zilipoanza ukachomoa waya wa dishi, hii kitu ilinyamaza. Hukusikia?" Sikuwa nimesikia. Nilikuwa nakimbilia kuchomoa plagi. Tukaurudisha waya wa dishi kwenye king'amuzi: vuuu. Tukauchomoa: kimya. Tulifanya hivyo mara nne kama watoto.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012, karibu kila nyumba yenye televisheni imekuwa na king'amuzi, na kutoka kwenye king'amuzi au televisheni hutoka waya wenye pini nyekundu na nyeupe kwenda kwenye sabufa. Amplifaya yetu ina plagi ya pini tatu, kwa hiyo imeunganishwa na ethi ya nyumba. Nguzo ya dishi imechimbiwa uani, nayo ina ardhi yake. Ardhi hizo mbili hazilingani. Kati yake pana tofauti ndogo ya volti, na tofauti hiyo inapitisha umeme kwenye ngozi ya chuma ya waya wa dishi, kwenye king'amuzi, kwenye waya wa sauti, hadi ndani ya amplifaya, ambayo haina namna ya kujua kwamba huo si muziki. Udongo ukiloa, nguzo inashika ardhi vizuri zaidi, ndiyo maana mvumo wetu ulikuja na mvua. Fundi umeme alipoiunganisha nguzo ya dishi na rodi ya ethi ya nyumba, mvumo ulishuka hadi hausikiki mtu akiwa amekaa. Ungebaki, kuna kijisanduku chenye transfoma ndogo ya sauti kinachofungwa katikati ya waya. Sauti inapita kwa sumaku, ardhi hazigusani. Wengine huacha waya kabisa wakatumia blututhi, nayo ni dawa.

Wapo wanaoshauri kukata pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo utapungua kweli, na siku transfoma itakapovujisha umeme kwenye bati la chombo, mtoto atakayeligusa ndiye atakuwa ethi. Naomba pasiwe na nyumba yoyote inayofuata ushauri huo.

Njia ya kumsaka mkosaji ni ya subira tu. Chomoa nyaya zote za sauti nyuma ya sabufa. Ikinyamaza, chombo ni kizima. Rudisha waya mmoja mmoja ukisikiliza. Ikilia kwa waya fulani, utikise karibu na pini. Sauti ikikatika na kurudi, ngozi ya waya imekatika ndani ya plastiki, na waya mpya unamaliza kazi. Vijana wetu hugusa ncha ya waya wa oksi kwa kidole ili wasikie "vuu" na kujua kwamba amplifaya inafanya kazi. Wanachosikia ni umeme wa nyumba ulioingia mwilini mwao bila waya. Waya uliokatika ngozi unafanya hivyohivyo mchana na usiku.

Simu nayo ina mikono yake miwili. Unapoichomeka kwenye chaja huku ikipiga muziki kwa waya wa oksi, chaja mbovu inaingiza mlio mwembamba kama mbu. Chomoa chaja, mlio ukikoma umeshampata. Mkono wa pili unajulikana na kila aliyewahi kuweka kitochi juu ya redio: ti-ti-ti, ti-ti-ti, kisha simu inaita. Simu za mtandao wa zamani wa GSM hurusha mawimbi kwa vipande, karibu mara 217 kwa sekunde, na nyaya za amplifaya zinavinasa kama antena. Hakuna kilichoharibika. Sogeza kitochi mita moja. Kuna pia kelele ya bodi ya flashi, ile inayochirizika na kubadilika kila inapotafuta wimbo unaofuata. Hiyo ni ya kiwandani, ardhi ya bodi imeunganishwa ovyo, na fundi mwenye subira huipunguza kwa kuipa bodi waya wake mwenyewe wa ardhi. Ile "shshsh" ya FM ni antena. Hata Radio Maria, iliyoanzia hapahapa Songea mwaka 1996, itakuja na mchanga ndani yake kama waya wa antena umekunjwa nyuma ya kabati.

Hadi hapa sijamgusa mgonjwa anayedhaniwa. Spika yenyewe hushukiwa kwa haki pale kelele inapokuja na muziki na kuondoka na muziki. Kama muziki unakwaruza hata kwa sauti ya chini, zima chombo kabisa, chomoa plagi, weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni na uisukume ndani polepole, sawasawa pande zote. Spika nzima inashuka na kupanda kimya kama godoro. Ukisikia mkwaruzo kama wa karatasi ya msasa, koili inagusa sumaku. Imeungua na kuvimba, au chombo kilianguka kikitoka sokoni na sumaku ikahama, au vumbi la chuma limeingia kwenye mwanya. Hilo la vumbi la chuma liangaliwe sana na mafundi waliopanga kibanda pamoja na mchomeleaji wa mageti. Sumaku ya spika iliyo wazi inakusanya chembe hizo siku nzima.

Kwa kipimo cha umeme, betri moja ya tochi ya volti 1.5 inatosha. Gusisha nyaya za spika iliyofunguliwa kwenye ncha zake kwa sekunde moja: koni ikiruka na kusema "tok", koili haijakatika. Chanya ikiwa kwenye chanya, koni inatoka nje. Mwenye mita atasoma karibu omu 6 kwa spika iliyoandikwa omu 8, na kidogo zaidi ya 3 kwa ya omu 4. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma vizuri lakini sauti inakuja na kukatika, angalia zile nyuzi za shaba zilizosukwa zinazotoka kwenye koni. Zinachoka kwa kutikiswa, na tone la risasi linazirudisha. Pembeni pia pana jambo. Sponji inayoizunguka koni kwenye spika za zamani huoza kwa unyevu, ikawa unga unaobaki kidoleni. Ya mpira hudumu zaidi. Spika iliyooza sponji peke yake haijafa, ila inahitaji pete mpya na mkono uliotulia.

Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni koili kuungua, kwa sababu hapo tunaua spika wenyewe bila kujua, tukisaidiwa na maandishi ya kwenye boksi. Boksi linasema wati 10,000 za PMPO. Geuza chombo utazame kibandiko kidogo nyuma, pale penye 230V na 50Hz. Mara nyingi pameandikwa kwamba kinakula wati 40 au 60. Hakuna chombo kinachotoa nguvu nyingi kuliko kinachokula. Namba ya mbele ni ya kuuzia, ya nyuma ni ya kweli. Mwenye nyumba anaiamini ya mbele, siku ya kipaimara anapandisha hadi mwisho, amplifaya inafika kikomo chake na kuanza kukata vichwa vya mawimbi. Sauti inapasuka. Mawimbi yaliyokatwa vichwa yana nguvu nyingi za sauti nyembamba, zinakimbilia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na twita, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele, inaungua kwanza. Koili ya spika kubwa inafuata kwa joto. Ukisikia sauti inapasuka, shusha hadi isafike, halafu shusha kidogo tena. Hiyo ndiyo nguvu ya chombo chako.

Kifo cha pili ni kibaya kuliko hicho kwa sababu kinarudia. Aisii ya amplifaya ikiungua, inaweza kupeleka umeme wa moja kwa moja kwenye spika. Utaijua: ukiwasha kunapigwa "dum" nzito, koni inatoka nje au inazama ndani na kubaki hapo, na baada ya muda kunanuka. Dum ndogo inayotokea kisha koni ikarudi mahali pake ni ya kawaida. Koni inayobaki imesukumwa ni ishara ya kuchomoa plagi mara moja. Fundi akikufungia spika mpya bila kupima amplifaya, nayo itaungua jioni hiyohiyo, na ndiko wengi wanakopata imani kwamba spika za siku hizi ni feki. Muulize kabla ya kulipa: "Fundi, umepima volti kwenye nyaya za spika?" Fundi mzuri hatachukia. Kupima kunachukua dakika moja.

Zipo kelele za nyumba zinazosingiziwa spika. Bati lenye msumari uliolegea, vioo vya luva, vikombe kabatini, fremu ya picha ya harusi: kila kimoja kina noti yake kinayoitikia. Simu janja zina programu za bure za kutoa mlio mmoja. Anza chini, panda taratibu hadi mitetemo 200, na kitakachotetemeka kitajitaja. Weka kiganja juu yake. Kikinyamaza, umemaliza.

Na wapo wakazi. Mende hupenda joto la transfoma. Mjusi akipita kwenye bodi huunganisha kisichopaswa kuunganishwa. Panya hutafuna koni ya karatasi. Lakini aliyenifundisha zaidi ni nyigu. Siku moja mama mmoja kutoka njia ya Peramiho aliingia kwenye kibanda cha fundi mmoja mzee akiwa na sabufa kichwani, akaiteremsha. "Shikamoo mzee. Inakohoa."

"Marahaba mwanangu. Inakohoa lini?"

"Ngoma ikipiga. Nyimbo za taratibu haikohoi."

Mzee hakuiwasha. Alichukua tochi, akapiga magoti mbele ya lile bomba la hewa lililo ubavuni mwa boksi, akamulika. Ndani, kimebandikwa ukutani mwa bomba, palikuwa na kiota cha udongo cha nyigu, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Hewa inayosukumwa na koni ilikuwa inapita pembeni yake kwa shida, ikipuliza. Vipande vilivyokwisha kuanguka vilikuwa vinarukaruka ndani ya boksi. Alikibomoa kwa bisibisi ndefu, akaliinamisha boksi, udongo mwekundu ukamwagika miguuni petu pamoja na buibui wakavu ambao nyigu alikuwa amewawekea watoto wake. Kisha akawasha, akaweka wimbo wenye ngoma nzito, akaweka kiganja mbele ya bomba. Hewa ilitoka laini.

Mama aliuliza anadaiwa shilingi ngapi. Mzee alikuwa anakunja kitambaa kuwa kizibo. "Nipe ya soda. Na hiki ukizibe usiku. Ukitaka kupiga muziki, toa. Ukimaliza, rudisha."